Daftari la Hesabu

Shaame kaja Ijumaa, kompyuta begani,
kaiweka juu ya jamvi lisilokatwa ncha,
akauliza: “Mwataka tovuti ya rangi gani?
Picha ziteleze zenyewe, au zisimame?
Mwataka na duka ndani, watu walipe kwa kadi?
Upo mtambo wa bure, upo wa kulipia kwa mwaka.
Chagueni leo, nikirudi Unguja nianze.”

Bikombo akataka zenye kuteleza.
Kazija akataka buluu, buluu haichujuki.
Chumu akauliza kadi gani, ya kliniki?
Akatuonesha kisanduku, juu yake “Kuhusu Sisi”,
ndani herufi zimemwagwa tu, hazisomeki.
“Hayo msiyajali,” akasema, “yashika nafasi.”

Miye katibu nikaandika: rangi, buluu.
Nikaona nimejibu suali
ambalo hakuna mnunuzi aliyepata kuliuliza.

“Shaame, atakayebisha hodi hapa ni nani?”
“Dunia nzima.”
Dunia nzima haijanunua msala Mtambwe.
Aliyenunua ni mwalimu wa Chake, misala kumi na miwili,
na mama mmoja wa Maskati, kwa mkono wa mjombaake,
naye alitaka kujua jambo moja:
rangi ikirowa, itashika kanzu?

Jambo hilo hatujaliandika popote.

Basi tukamwachia Shaame chai na mkate wa ajemi,
nikamnyang'anya mwanangu daftari la hesabu.

Msala una urefu gani?
Mize akapima: shibiri saba.
Chumu akapima ule ule: sita, na kidole.
Miaka tisa twauza kwa mikono ya watu wawili
na kila mmoja aapa kwa wake.
Mtoto akatumwa kwa fundi Makame kuazima futi.

Bei?
Kila mtu akainamia ukili wake.
Kumbe Kazija humuuzia mgeni elfu thelathini,
Bikombo elfu kumi na nane, na chai juu.
Pakazuka maneno. Hapa siyasemi,
ila daftarini yamo, nimeyapiga mstari mwekundu.

Na simu nani ataipokea?
Mwenye chaji ni Mize peke yake,
na maji yakitoka Mize yuko mwanini, kiunoni tope.

Ndipo Chumu akakunjua ule wa kijani na zambarau,
wenye vijicho vinavyofuatana hadi ukingoni.
“Na huu uandike jina lake.”
Huyu akasema Macho ya Changu.
Yule akasema hapana, Shanga za Bibi Harusi.
Mize akasema: “Hauna jina. Una mwenyewe.
Aliuanza Mwanakombo, mwaka wa mvua nyingi,
ana mimba ya huyo Shaame.”

Shaame akatua kikombe.
Mamaake alimwacha hajaota meno.
Aliusalia msala ule utoto wake wote
akidhani umenunuliwa Wete, sokoni.

Umeme ukakatika. Tukawasha tochi ya Mize,
chaji yake ikaisha tukiwa ukurasa wa kumi na moja.

Wiki tatu nilikata.
Nilikata “bora kuliko yote”, nilikata “tangu enzi na enzi”,
nikabakisha urefu kwa futi, siku za kungoja,
na kwamba zambarau, ikirowa mara ya kwanza, hushika kidogo.
Kurasa kumi na moja zikawa mbili.

Shaame alizisoma amesimama, viatu mkononi.
“Hapa hapatakiwi mtambo mkubwa,” akasema.
“Ukurasa mmoja. Picha tano. Namba ya simu.”
Bikombo alinuna hadi alasiri kwa ajili ya zile za kuteleza.
Buluu tulimpa Kazija.

Kisha akaomba kalamu,
na pale penye Mwanakombo, kwa mwandiko wa skuli,
akaongeza: binti Shehe, wa Mtambwe.

Mahali pa bei bado pana mstari mtupu.
Twakutana Jumapili.